Matundu Manne ya Shangazi Kemunto

Tata,

Dada yako amekubali kupasuliwa! Kemunto, yule aliyekuapia kitandani kwako kwamba hata yeye kisu hakitamgusa. Na mimi binti yako muuguzi nilikuwemo chumba cha upasuaji, nimeshika kamera.

Ngoja nianze vizuri. Miezi michache baada ya kukuzika, alianza kutoa damu chooni, kama wewe. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye utumbo mpana. Nilipomfuata kijijini Manga kumweleza, hakutua hata kikapu cha majani chai. "Kaka yetu Ongeri mlimpasua tumbo zima, akalala miezi. Mimi nani atanichumia?" Maneno yako yale yale ulipokataa kupasuliwa, Tata.

Lakini daktari wetu amerudi kutoka masomoni na mbinu nyingine. Nikamchorea shangazi: matundu manne madogo, moja la kamera, mengine ya vyombo virefu vyembamba. Akauliza, "Na huo uvimbe utatokea wapi?" Nikamwonyesha kidole changu. Mkato wa urefu huo tu, chini ya kitovu. Kisha akasema, "Niitie boda."

Ungeona, Tata! Utumbo ulijaa kwenye skrini, unang'aa, kila mshipa unaonekana. Daktari akasema, "Sista, picha inacheza." Mshipa mmoja ukavuja, skrini ikawa nyekundu, nami nikaomba kwa Ekegusii kimoyomoyo. Daktari akaubana. Nikafuta lenzi, tukaendelea. Kipande kibovu kikatoka, ncha mbili za utumbo zikaunganishwa, na hakuna aliyempasua tumbo zima.

Asubuhi yake nilimkuta amesimama dirishani, dripu mkononi, akinigombeza kwa nini ananyimwa ugali. Siku ya tano alikwenda nyumbani. Jana majibu ya maabara yalitoka: uvimbe haujasambaa. Nililia mbele ya watu, sikujali.

Ulikuwa na haki ya kuogopa. Mbinu hii haikuwa imefika kwetu, na mimi sikukupa lolote ila ukali. Nilikuambia unajiua kwa ukaidi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho marefu niliyokupa... nisamehe.

Sabato ijayo shangazi atasimama kanisani kuwaambia wanawake wasifiche damu. Nitakuwa kando yake. Na akija mgonjwa anayeogopa, nakuahidi sitampandishia sauti. Nitavuta kiti, nimsikilize hadi amalize.

Lala salama, Tata.

Moraa wako