Dakika za Kupatwa

Mbarara, Jumanne

Grafu ya Profesa bado haijaisha. Nimeshinda na nyota yangu ya nyutroni, ile inayolipuka na kumwaga eksirei. Kila baada ya saa chache nyota mwenzake inaifunika, mstari wa grafu unaanguka karibu na sifuri. Hakuna anayeandika kwamba imekufa. Tunasubiri, inatokea upande wa pili.

Mama amepiga simu kutoka kambi ya Nakivale. Jana walihesabu wakimbizi, kila mtu na kidole chake kwenye mashine. Mama akamwambia karani, "Mutoto wangu eko Mbarara, anasoma nyota."

"Kama haiko hapa, haiko." Karani akanifuta kwenye kadi ya familia.

Nimechoka. Kesho nakwenda kupanga foleni Nakivale, nirudishwe kwenye kadi. Profesa naye anataka grafu kesho hiyohiyo. Atanitafuta, ataambiwa siko.