Baba, Piano Haitaki Ngumi

Baba,

Usiniulize habari za nyumbani kwanza. Nimekasirika, na hasira yenyewe ni juu yako.

Tangu tukuzike kule kijijini Pap Onditi, kanisa limeitengeneza ile piano uliyotufundishia. Fundi alikuja akaikausha, akavipunguza vile vibonye vilivyovimba kwa unyevu wa ziwa, vile ambavyo ukivibonyeza vinazama na kukataa kurudi. Jumapili iliyofuata nikaketi, nikapiga vile ulivyonizoesha, kwa nguvu zote, vidole vimekakamaa. Wueh! Piano ilinguruma mpaka kwaya ikapoteza wimbo. Nikaelewa palepale. Miaka yote hiyo tulikuwa tunapigana na mbao zilizolowa, na wewe ukatuambia huko ndiko kupiga piano.

Na maumivu je? Nilipokuambia mkono unawaka mpaka kwenye kiwiko, ulinijibu, "Nyathina, mwanangu, mkono usiouma haujafanya kazi." Na wewe mwenyewe kila Jumapili jioni Mama alikuwa akikuchua kwa dawa, ukisingizia baridi. Mwaka wako wa mwisho hukuweza hata kufunga vifungo vya shati, sembuse kupiga wimbo. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Nani alikudanganya hivyo, Baba?

Mimi nimekataa. Nimeanza upya kama mtoto wa nasari, mkono mmoja kwanza halafu wa pili, polepole mpaka mlinzi wa kanisa akaniuliza kama nimeusahau wimbo. Mabega nimeyashusha. Kidole gumba, kilichokuwa kinagonga kama nyundo, sasa kinapita chini ya wenzake bila kelele. Kidole cha nne bado ni kivivu. Sikilazimishi tena, nakisindikiza kwa mkono mzima. Hilo nililipata jikoni. Mama alinitazama nikisonga ugali, akauliza mbona hapo sikakamai vidole, uzito wote unatoka begani. Nikaacha mwiko sufuriani nikabaki nimesimama. Ugali uliungua, tukala hivyo hivyo.

Siku hizi mkono ukianza kuuma naacha. Naacha kabisa, naenda kunywa chai, na dhambi siioni.

Jumapili hii ni ibada ya kukukumbuka. Mwenyekiti wa kwaya anasema napiga kinyonge, eti nalitia jina lako aibu. Aliniambia mbele ya wote, "Piga kama babako, ama tutafute mwingine." Watu wakaniangalia wakingoja nilie. Nikamwambia babangu nampenda kuliko anavyompenda yeye, na kwenye kile kiti sitoki. Mama alikohoa kidogo, unajua vile hukohoa akiwa amefurahi.

Basi pumzika, mzee wangu. Nakuahidi, katika watoto wa piano uliowaacha darasani, ambao sasa nawafundisha mimi, hakuna hata mmoja atakayechuliwa mkono kwa sababu ya wimbo. Na Jumapili nitaupiga ule wimbo uliokuwa ukiupenda. Nitaupiga kwa ulaini, mabega chini, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mbele ya mwenyekiti na kwaya yake yote.

Kama hutaki, Baba, amka uje unikataze.

Tafadhali, njoo unikataze.

Bintiyo,
Achieng