Buti za Afande

Jumanne, usiku

Eti mimi ni shahidi. Polisi wakija kupekua nyumba hapa Nyasubi, mjumbe wa mtaa lazima awepo aone.

Kwa Mama Kulwa, muuza vitumbua, waliingia na buti mpaka kwenye mkeka wa watoto. Wakamwaga ndoo ya mchele. Hawakupata kitu.

Leo wakaenda kwa jirani yangu Baba Shija. Mtaa mzima unajua wachimbaji wakitoka machimboni hununua bangi kwake. Nikasema moyoni, hatimaye.

Tulipofika mlangoni, afande mkubwa akainama, akavua buti. Hakuna aliyemwambia. Akaingiza miguu kwenye kandambili za bluu zilizokuwa kizingitini, akaingia ndani. Wenzake wakatazama chini. Baba Shija akanitazama mimi.

“Shikamoo, mjumbe.”

“Marahaba.”

Nimeweka sahihi kwamba hakikuonekana kitu, na kweli hakikuonekana. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa. Sikusema uongo.

Jioni mke wa Baba Shija akaniletea kandambili mpya. “Zawadi tu, mama.” Nikazijaribu, zikanitosha kabisa. Saizi yangu kaijulia wapi? Nikaziweka mlangoni, nikaenda kuchochea moto. Kila nikigeuka nikawa naziona zimekaa pale, kama zile za afande.

Sikungoja ugali uive. Nikazibeba, nikaenda peku mpaka kwa Baba Shija, nikabisha hodi.

Aliyeitikia karibu alikuwa afande.