Gitaa Kuukuu na Uji wa Watoto

Baba Atupele,

Nimekwenda na watoto Suma kwa mama. Mkatie ng'ombe majani ya migomba, na nguo uzianue kabla mvua haijanyesha. Tutarudi ~~jioni~~ hilo gitaa likishatoka humu ndani.

Gitaa jipya la muziki wa jazi ulilikataa dukani, eti halijazoea mikono ya watu. Ukabeba hili kuukuu la mzee wa Bulyaga. Leo asubuhi umelitikisa mezani, mende wakamwagika kutoka tumboni mwake mpaka kwenye uji wa watoto. Nawe ukawatoa kwa kidole, ukaendelea kupiga! Kinyaa hakijaniisha.

Watoto nimewakorogea uji mwingine. Ule wa mende nimekufunikia hapa. ~~Umwage.~~ Unywe. Si wewe hutaki vitu vipya?

Mama Atupele