Konokono Wasio na Kovu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, wewe, wifi na watoto. Mimi nasogeza siku. Daktari anasema figo zimechoka. Nikamjibu mimi ndiye niliyechoka, zenyewe zinanifuata tu. Situlii. Leo nimehamisha kiti mara tatu, dirishani, mlangoni, dirishani tena, na kila mahali nimeianza barua hii upya.

Anwani yako nimepewa na binti wa shangazi. Ni miaka thelathini na mmoja. Usiichane kabla ya mwisho.

Unakumbuka kazi yetu. Nilitaka kuonyesha kwamba seli chache za kijani katika ubongo wa konokono wa nchi kavu ndizo humwagiza akue, na jirani zake humwagiza atage. Konokono thelathini niliwapasua shingoni, nikaziunguza seli hizo zote kwa sindano ya moto. Wakadumaa, hawakutaga. Thelathini wengine walipaswa kupasuliwa vivyo hivyo na kuachwa wapone bila kuunguzwa, mtu asije akasema ni kidonda kilichowadumaza wenzao. Wewe uliwalisha wote na kuwapima magamba kila Jumatatu.

Wale wa pili sikuwapasua. Mikono ilikuwa imechoka, na Jumatatu ya kuanza kuwapima ilikuwa kesho yake. Niliwatia tone la rangi kwenye gamba, nikaandika daftarini kwamba nimewapasua. Mkurugenzi wa taasisi yetu alipowageuza hakuona kovu hata moja, akauliza. Nikasema, "Mtunza banda ni mdogo wangu. Nadhani walimfia, akaokota wengine bustanini."

Ulikuwa umesimama mlangoni. Ukageuka, ukatoka. Ukafukuzwa siku hiyo hiyo.

Mimi nilipewa miezi miwili nirudie kundi la pili. Sikurudia. Niliandika kwamba nimerudia, kwa kuogopa jibu lisije likawa kidonda. Juu ya uwongo huo nimekuwa profesa.

Naomba unisamehe kabla sijazikwa nao.

Dada yako


19 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi bado nipo, kama ulikuwa unasubiri hilo. Tarishi nimemsumbua hadi sasa akifika kwenye kona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kama huwezi kunisamehe, nitukane. Tusi nalo ni jibu.

Dada yako


2 Aprili

Profesa,

Salamu. Huku wote wazima. Pole kwa figo.

Umeomba tusi. Nimelitafuta wiki mbili, yote nayaona madogo. Mke wangu kasema, "Mwandikie mgonjwa wa watu." Nikamwambia, alipokuwa mzima alinizika mimi.

Unajua Mama alisemaje? Niliingia na begi, yuko jikoni anachambua mboga. "Dada yako kakusomesha, kakupa kazi, nawe unamchafulia jina?" Hakuinua hata macho. Miaka tisa baadaye akafa na neno hilo. Ningemwambia nini? Kwamba msomi wake ndiye mwongo? Ni kweli ulinisomesha. Nilinyamaza kwa sababu hiyo, usidhani ni upole.

Halafu unakuja kuungama kwangu. Mimi nilikuwepo! Waambie wasiojua. Mwandikie mkurugenzi, na bila nakala ya barua hiyo usiniandikie tena.

Fundi saa


11 Aprili

Mdogo wangu,

Leo shikamoo ilipaswa kutoka kwangu. Nakala hiyo hapo, nimetaja kila kitu. Binti wa shangazi nimemwambia awasomee ukoo mzima, na amesoma, simu haijapumzika.

Mkurugenzi wa sasa, niliyemfundisha mwenyewe, alikuja hadi hapa.

"Mwalimu, kwa hiyo seli hizo zinafanya kazi au hazifanyi?"

"Sijui."

"Miaka thelathini unatufundisha, hujui?"

"Thelathini na mmoja."

Hakucheka. Kwa konokono wa majini, watafiti wengine wamekwisha kulionyesha hilo. Hawa wa kwetu walituachia sisi, kwa kuwa tulidai tumemaliza. Akauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuwapasua bila kuwaunguza. Nikasema hakuna. Makala yangu itafutwa, na ni haki.

Ila natoka kitandani hadi kwenye sinki, narudi, natoka tena. Ni kidonda au ni seli? Nitakufa sijui, na mkono huu hauwezi kushika hata kijiko.

Dada yako


18 Aprili

Dada,

Hujambo? Usinijibu kwa mazoea.

Nakala nimeipata. Mke wangu kaisoma kwa sauti mara mbili. Ya pili mimi nilitoka nje.

Yupo aliyewapasua bila kuwaunguza. Ni mimi.

Shingo zile zisizo na kovu niliziona Jumatatu ya kwanza. Mtu anawapima kila wiki, asione? Nikaogopa utaaibika. Ulipokwenda kula mchana nilichukua kisu chako cha kupasulia, ambacho mtunza banda haruhusiwi kukigusa, nikapasua sita wa akiba kama nilivyokuwa nikikuona, nikawaweka kwenye ndoo yao. Walipona. Walikua, Dada. Walitaga.

Asubuhi ile nilisimama mlangoni na ndoo mkononi. Nilikuwa nakuletea. Nikangoja unitazame, ukamtazama mkurugenzi. Nikatoka nayo, nikawamwaga bustanini.

Jibu ulilolikimbia lilikuwa upande wako tangu mwanzo. Mimi nililijua nikalifungia, ili shaka ikutafune. Miaka yote hiyo nikifungua saa za watu nilikuwa nafurahia hilo. Ubaya huo ni wangu, nami nakuomba radhi.

Nakuja Jumamosi. Ukitaka kufa, ngoja kwanza nikugombeze.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo. Leo kweli sijambo, ila Jumamosi iko mbali, na leo hata uji umenirudi. Wifi akupe karatasi sasa hivi.

Walipona wote sita? Hakuna hata mmoja aliyekufa? Walikuwa wadogo kiasi gani ulipowapasua? Gamba liliongezeka milimita ngapi kwa wiki? Mayai mangapi, na baada ya siku ngapi? Usiandike "mengi". Nakujua.

Unachokikumbuka nusu, andika kwamba ni nusu. Usiniletee mimi, huenda usinikute. Mpelekee mkurugenzi mkononi. Sita ni wachache, atarudia kwa mia, lakini atakuwa na pa kuanzia. Akiuliza kazi hii ni ya nani, mpe jina lako kamili. La kwangu lisiwekwe hata chini kabisa.

Andika kwanza, ndipo ufunge begi.

Dada yako