Kiti cha Ngoma Kutoka Ruring'u

Nanyuki,
9 Februari 1969

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Mimi ni mzima, ila mgongo. Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka mitano, na pengine umeishika barua hii kwa vidole viwili. Isome tu, Baba. Sikuandikii ili tuanze tena ugomvi wa siku ile nilipoacha kwaya ya kanisa nikafuata bendi.

Bado napiga ngoma hotelini, Jumatano hadi Jumapili. Mguu wa kulia unakanyaga ngoma kubwa, wa kushoto unakanyaga matoazi, na mikono haipumziki saa nne nzima. Na ninakalia nini? Kreti ya bia iliyotandikwa gunia. Asubuhi nainuka kitandani kama mzee wa miaka tisini. Mafundi wa hapa wanajua kutengeneza viti vya kunywea tu. Nimekumbuka kazi ya mikono yako. Unaweza kunitengenezea kimoja, cha duara, kisicho na egemeo, kilicho laini kidogo? Hata ukikataa nitashukuru, mradi umenijibu.

Ni mimi mwanao,
Ngatia


Ruring'u,
2 Machi 1969

Kwa Ngatia,

Sisi hatujambo. Mama yako alilia nilipomsomea barua yako, kisha akafuta machozi akaniuliza kwa nini mbao zangu zimelala bure. Kazi yako siipendi. Mimi ni mzee wa kanisa na sitajifanya naipenda. Lakini mgongo hauna dini.

Kiti nimekimaliza. Miguu ni ya mbao za podo, nimeitanua kwa chini ili kisiyumbe. Juu, upande wa mbele, nimekata mbao ikaingia ndani kidogo ili mapaja yako yasibanwe unapokanyaga. Ndani nimejaza manyoya ya kondoo. Mama yako aliyaosha mara tatu akayaanika juu ya ua. Kisha nimevuta ngozi ya mbuzi juu yake nikaipiga misumari ya shaba. Nilikijaribu mwenyewe jikoni, nikakanyaga sakafu kwa miguu miwili kama mwendawazimu, na Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta.

Kipimo sikukuuliza. Nimekulea mimi, kimo chako nakijua. Nimempa dereva wa basi la asubuhi, kakichukue kituoni.

Babako,
Hezekiah Kahiga


Nanyuki,
16 Machi 1969

Baba mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Kiti kimefika bila mkwaruzo. Bendi nzima imekikalia kwa zamu, na Simeon, mpiga gitaa wetu, anasema nisipokilinda atakiiba. Kimenitosha sawasawa, Baba, kama vile ulikuwa hapa ukinipima. Mgongo sasa hausemi kitu. Wahenga walisema chema chajiuza, na kazi yako haihitaji mimi niitembeze.

Nilipofika pale ulipoandika juu ya jikoni na Mama, nilisoma mara nyingi. Asante sana.

Mwanao,
Ngatia


Ruring'u,
7 Desemba 1969

Kwa mwanangu Ngatia,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, kahawa imezaa vizuri. Miezi tisa umenyamaza, nami nimesema pengine una kazi nyingi. Nimewasimulia wazee wenzangu kuhusu kile kiti, hata mchungaji. Nilidhani atanikemea, lakini alicheka akauliza kama naweza kumfunikia kiti chake vivyo hivyo.

Mama yako anataka uje Krismasi. Amefunga mbuzi nyuma ya nyumba na anamnenepesha kwa majani ya viazi. Mimi pia nataka uje.

Babako,
Hezekiah


Ruring'u,
3 Juni 1970

Kwa mwanangu Ngatia,

Sijui nikusalimu vipi. Hukuja Krismasi, hukujibu, na yule mbuzi tulimla kimya kimya.

Juzi, Madaraka, tulisikia bendi yenu inakuja kupiga hapa uwanjani Ruring'u. Baa siwezi kuingia, lakini uwanja ni wa kila mtu. Nilivaa koti la kanisani nikafika mapema nisimame mbele. Kiti changu ndicho nilichokiona kwanza. Aliyekikalia simjui. Na chini ya kila mguu wa kiti kulikuwa na kipande cha mbao kimepigiliwa misumari.

Walipopumzika nikamwendea Simeon. Nilipomwambia mimi ni nani, alivua kofia.

"Mzee, Ngatia amelala kwangu tangu Aprili, hawezi kuketi," akasema. "Hiyo kiti ilikuwa chini sana. Magoti inakuja juu, mgongo inapinda. Mwaka mzima tunamwambia tuongeze mbao hapo chini, anakataa. Ati kazi ya baba yangu haiguswi na mtu. Hizo mbao tulipiga yeye akishatoka kwa bendi."

Nilipiga magoti kwenye nyasi, na koti langu, nikapima vile vipande. Inchi nne. Ngatia, mtu anawezaje kukaa inchi nne chini mwaka mzima na kuandika kimemtosha? Ningekirekebisha jioni moja tu!

Lakini nikijitazama mwenyewe, nami nina hatia. Kipimo sikuwa nacho. Nilipima benchi uliyokuwa ukisomea ulipokuwa na miaka kumi na minne. Nilijua umekua. Ila kukuandikia nikuulize ingekuwa kama kukubali ile kazi, na sikutaka ulione hilo kwenye karatasi. Leo nakuuliza. Kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, ni inchi ngapi?

Mimi babako,
Hezekiah


Nanyuki,
14 Juni 1970

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama. Usiulaumu mwandiko, naandika nimelala kifudifudi, na mke wa Simeon amenishikia karatasi.

Nilijua usiku wa kwanza, kabla wimbo mmoja haujaisha. Nikaanza kukuandikia, nikachana. Kilikuwa kitu cha kwanza kutoka mkononi mwako kwa miaka mitano. Niliogopa nikikitia kasoro utanyamaza tena. Kisha nikawa nimeshakwambia kimenitosha, na kila wiki ilikuwa ngumu zaidi kusema vingine. Krismasi sikuja kwa sababu ungeniona ninavyotembea.

Daktari amesema ngoma basi. Nitatembea, nitafanya kazi nyepesi, lakini kupiga, hapana. Nimelia, Baba, sikufichi. Nilikuwa najua kupiga. Watu walikuwa wanatoka mpaka Wang'uru kutusikiliza, na wewe hukunisikia hata siku moja. Hilo linaniuma kuliko mgongo.

Inchi sijui ni ngapi, siwezi kuinama nikapima. Lakini Jumamosi ya tarehe ishirini na saba nitapanda basi la asubuhi, Simeon atanisindikiza hadi garini. Njoo unipokee kituoni. Usitafute kijana mfupi. Tafuta mtu mrefu anayetembea polepole.

Mwanao,
Ngatia