Kengele Kwenye Begi

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimeondoka! Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ilembo bado inanuka moshi wa majiko. Baiskeli, begi, blanketi, maji lita tatu, daftari hili. Walimu wenzangu wanasema nimechanganyikiwa – likizo watu wanapumzika, mimi natalii kwa baiskeli kama Mzungu. Eti mabasi ya Ikola, kule ziwani, yapo. Najua yapo! Nina miaka arobaini na moja, nafundisha jiografia mwaka wa kumi na sita, na Ziwa Tanganyika nimelichora ubaoni mara mia. Kuliona, mara moja tu. Safari hii nitalifikia kwa miguu yangu.

Mke wangu Doto alinisindikiza hadi barabarani. Masharti mawili. La kwanza, nipite kwa mama yake milimani, nimpelekee kitenge na dawa ya macho. La pili alilirudia mara tatu: nikifika kona ya mwisho, penye mawe makubwa, nipige kengele. Nipige sana, mama asikie, apate muda wa kujificha.

Miaka tisa ya ndoa na mama mkwe nimemwona mgongo tu. Kwetu Inyonga mkwe unamheshimu, lakini salamu unampa. Kwao Wasukuma, wa familia ya Doto angalau, hapana. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapishani njiani, hawatazamani usoni, hawagusani. Nilicheka. Mke wangu hakucheka.

Kilomita thelathini na nane leo. Makalio yanawaka moto.

Ijumaa, 13 Juni

Nani aliweka vilima huku? Ramani ya darasani ina rangi ya kahawia kidogo tu hapa! Nakokota baiskeli zaidi ya ninavyoipanda. Vumbi mpaka kwenye meno. Na kengele inajipigia yenyewe kila jiwe, ngri, ngri, ngri, kama mwanafunzi asiyejua kunyamaza. Saa nne nilisimama, nikafungua skrubu zake mbili, nikaitumbukiza ndani ya begi. Amani!

Mchana niliongozana na Arcade, muuza asali, madumu mawili kwenye keria. Kazaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi; wazazi walitoka Burundi mwaka sabini na mbili. Alitazama breki zangu akaguna. Kwenye mteremko wa kwanza alikata tawi zito lenye majani, akalifunga kwa mpira nyuma ya keria, likaburuta chini. Akashuka polepole kama mzee anayetoka kanisani. Mimi nilishuka kwa breki za dukani na kuishia kichakani. Akanifungia na mimi tawi. Akasema breki za dukani ni za watu wa tambarare, na mwalimu naye ni mtu wa tambarare. Nilimpenda. Tuliachana njia panda.

Mtoni kalavati limebomoka tangu masika. Gari halipiti. Baiskeli niliibeba begani, maji mpaka magotini. Ng'ambo kuna zahanati, nyumba mbili tatu, halafu ni kupanda tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemuumiza mama mkwe.

Niandike vizuri. Saa tano hivi nilifika penye mawe makubwa. Niliyaona! Nikajiambia, hapa ndipo. Mkono ukaenda kwenye usukani – hakuna kitu. Hata hapo sikusimama. Niliwaza, nitakohoa. Njia inateremka kidogo pale na nilikuwa nimechoka kukokota, nikaiachia baiskeli ishuke yenyewe. Baiskeli haina sauti.

Baada ya kona, mwanamke na ndoo ya maji kichwani. Hatua nne mbele yangu. Tulitazamana usoni. Anafanana na Doto kabisa, macho yale yale. Alitoa sauti ndogo, akavuta khanga kujifunika, akaruka nje ya njia. Hakutazama anaruka wapi. Ukingo pale ni mrefu kuliko mimi, na chini ni mawe.

Nilishuka nikakimbilia kumwinua. Akapiga kelele nisimguse! Yuko chini, mguu umekaa vibaya, na bado ananifukuza kwa mkono huku amejifunika uso. Nikasimama pale kama mti. Mpaka Pelagia akaja. Huyu ni mke wa shemeji yangu Masalu, ana mimba ya miezi minane. Yeye na bibi kizee wa jirani walimwinua na kumbeba. Mimi nilibeba ndoo.

Kengele ilikuwa kwenye begi.

Jumapili, 15 Juni

Hali si nzuri. Nyonga imevimba, na Pelagia anasema tumbo la chini limekuwa gumu. Ametapika mara mbili. Jasho la baridi. Mimi nakaa nje nyuma ya zizi na habari naletewa.

Hakuna wanaume. Masalu na wenzake wamepeleka ng'ombe kwenye maji, kurudi Jumatano. Pikipiki ni moja, imempeleka mtu mnadani na haijarudi. Mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Nilipanda, nikampata Doto. Alilia, kisha akawa mkali kama askari. Atatafuta gari Mpanda, litafika mtoni kesho saa sita, likaishie pale. Sisi tumshushe mama mpaka mtoni. Kilomita kumi na saba.

Halafu akauliza.

– Kengele ulipiga?

– Nilipiga.

Nilisema hivyo. Mtu mzima, mwalimu, juu ya kilima. Naona aibu hata kuiandika.

Pelagia alinieleza wazi. Kwa mimba yake hawezi kukokota mtu kilimani. Bibi jirani jana aliishiwa nguvu kwa hatua chache tu. Nimebaki mimi, na mama hataki. Amesema bora afie kitandani kwake kuliko kupandishwa mgongoni kwa mkwe wake kama mzigo wa mihogo.

– Mwambie ni mimi niliyemwangusha, nikamwambia Pelagia.

– Anajua, mwalimu. Nyie mnadhani amekasirika? Ana haya. Ulimwona uso.

Kisha Pelagia akakumbuka. Zamani mzee mmoja wa huku alimpa mama mkwe wake ng'ombe, mbele ya watu, ikawa ile haya imefunguliwa, wakaweza kukaa moto mmoja. Lakini kitu chenyewe kiwe kikubwa. Kiumize aliyekitoa.

Nina nini mimi? Kitenge kimetoka kwa binti yake, dawa pia. Nina baiskeli.

Nikamwambia Pelagia aingie amwambie: baiskeli hii ni yake kuanzia leo. Si kuazima. Akipanda, anapanda chombo chake. Mimi nitakuwa nakokota mali ya mama, basi. Ziwa halitakimbia.

Alikaa ndani muda mrefu sana. Bibi jirani akaitwa awe shahidi. Alipotoka, Pelagia alikuwa anafuta macho na kucheka kwa pamoja. Mama ameuliza kama matairi ni mazima! Amekubali. Baiskeli imefungua njia, amesema, lakini uso bado. Nisigeuke nyuma hata mara moja. Tusizungumze. Na kengele apewe yeye mkononi. Akitaka tusimame, ataipiga.

Jumatatu, 16 Juni

Tumetoka kukipambazuka. Pelagia na bibi jirani walimkalisha upande kwenye keria juu ya blanketi langu lililokunjwa, wakamfunga na kiti kwa kitenge kipya alichotumiwa na binti yake. Nilitazama ukutani wakati wote. Kisha nikashika usukani nikaanza kutembea, nyuma yangu mtu ninayemsikia akipumua.

Kwenye kilima cha kwanza alipiga kengele mara tatu. Kila mara nilisimama, nikahesabu mpaka hamsini, akapiga tena, tukaenda. Ana nguvu ya kuamuru huyu mama! Nikaanza kuamini tutafika.

Penye mawe makubwa nilishindwa kujizuia. Nilisema kwa sauti, nikitazama mbele, kama naongea na barabara: Mama, juzi sikupiga. Niliing'oa mwenyewe kwa sababu ya kelele, nikaiweka kwenye begi. Na binti yako nimemdanganya.

Hatua kumi, ishirini. Kisha, ngri. Nikasimama. Na yeye akasema – yeye aliyekataza maneno! – sauti ndogo, kavu:

– Twende. Doto utamwambia mwenyewe.

Nimelia nikikokota. Sijui kama aliona mabega yangu.

Sasa ni saa nne na dakika ishirini. Kilomita kumi na moja tumemaliza. Tupo juu ya mteremko mrefu wa mwisho, mto nauona, paa la zahanati nalo. Gari bado. Nimekata tawi na kulifunga nyuma kwa kupapasa, nimefumba macho kama mtoto anayecheza kujificha. Mkono wangu ulimgusa kisigino. Cha baridi sana! Hakukivuta.

Nimeiegemeza baiskeli kwenye kichuguu, naye ameegemea hapo hapo. Mimi nimekaa hatua sita mbele, mgongo kwake. Miguu yangu inatetemeka, nikishuka hivi nitamwangusha mara ya pili. Nimemwomba dakika kumi. Nimemwomba pia apige kengele kila baada ya muda, nijue yupo. Naandika ili macho yawe na kazi.

Ngri. Yupo.

Pelagia alisema asipewe maji mengi. Nimempa kwa kurudisha chupa nyuma bila kutazama. Imerudi imejaa vile vile.

Ngri. Hiyo ilikuwa ndogo.

Kuna vumbi ng'ambo ya mto. Gari! Nadhani ni gari. Nimemwambia, mama, gari la Doto lile pale.

Hajapiga.

Nimemwambia tena.

Kengele imeanguka. Nimeisikia kwenye mawe, imebingirika mpaka hapa, imegonga kiatu changu. Nimeita mama, mama Doto, mama. Upepo tu. Nimeahidi nisigeuke. Kisigino kile kilikuwa cha baridi.

Nisamehe, mama. Nageuka.